Ndimu, Majivu na Jina la Risper

Faith, siku niliporudisha funguo za stoo uliniomba niandike "yale mambo yako yote ya majivu na ndimu" ili vijana wasiyapoteze. Nimeandika. Nimemaliza daftari moja na kuchana karibu nusu yake, kwa sababu kila nilipokaribia mahali fulani kalamu yangu ilikata kona. Mahali penyewe ni Risper, yule mnayemtaja kila mtu mpya akiingia kazini. Hadithi mnayosimulia si ya kweli, na mimi ndiye niliyewaacha muiamini. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, wewe na wenzako, kabla hujabandika chochote ukutani.

Mambo ya mshahara nitayaruka. Yalikuwa mafupi wakati ule na hayajarefuka.

Nilianza kazi pale nyumba ya wageni nikiwa na miaka ishirini na sita, mjane, na Okoth wangu nimemwacha kwa jirani huko Migosi. Nilijiona najua kusafisha kuliko mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Aliyenipokea ni mkuu wa usafi, mama mfupi mwenye sauti nzito tuliyemwita Nyar Sakwa, maana alizaliwa Sakwa, na kwetu mwanamke hubeba jina la kwao hata akiolewa mwisho wa dunia. Hakunipa ufagio. Alinipa taulo iliyofuliwa, ikakauka, ikakunjwa vizuri, akaniambia ninuse. Nikanusa. Akaniuliza mgeni aliyeitumia alikula nini. Nikasema samaki. Akasema basi hiyo taulo bado ni chafu, na aliyeifua alikuwa ameinywesha maji tu.

Hilo ndilo tatizo la kwanza la kazi yetu, na halitaisha maadamu ziwa lipo. Mgeni akifika Kisumu lazima ale samaki, na lazima amle kwa mikono, halafu anajifuta kwenye taulo, shuka, pazia na, akiwa na watoto, ukuta. Tatizo la pili ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu kufuata taa. Ukimfuta mdudu kwa kitambaa kibichi amekuchorea mstari wa kijani kwenye rangi nyeupe. Nyar Sakwa alinifundisha kuwaacha wakauke, kuwafagia asubuhi kwa ufagio laini, kisha kupitisha maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo. Watu husema haraka haraka haina baraka. Ukutani kwetu haraka ina mstari wa kijani.

Magadi ni yale yale mama zenu wanatia kwenye mboga za kienyeji ili zilainike. Nunueni sokoni Kondele, ya mabonge, msidanganywe na unga uliochanganywa na vumbi. Kijiko kimoja cha chakula kwenye ndoo ya maji moto kinatosha kuondoa mafuta ya samaki kwenye vigae na meza za jikoni. Msiyachemshie kwenye sufuria za alumini. Mimi niliyachemsha, yakaila sufuria ya mpishi ikawa nyeusi ndani na nje, naye akakataa salamu yangu wiki nzima.

Maji ya majivu yana kazi zaidi. Chukua majivu ya kuni ngumu, yachekeche. Toboa debe kuukuu kwa msumari, weka nyasi kavu chini, jaza majivu, mimina maji moto polepole, halafu utafute kazi nyingine ya kufanya. Kinachodondoka chini kina rangi ya chai ya shuleni. Ukikigusa kinateleza vidoleni kama mrenda, na hapo unawe mara moja, kwa sababu kinachoteleza ni ngozi yako inaanza kugeuka sabuni. Nyar Sakwa alikuwa akichovya unyoya wa kuku. Unyoya ukiyeyuka, maji ni makali, ongeza mengine. Alituambia kila mara kwamba vitu vya kienyeji havina huruma kwa sababu tu ni vya kienyeji, na kwamba bibi zetu waliviheshimu ndiyo maana walizeeka wakiwa na macho mawili. Nilimsikia vizuri. Kusikia hakukuwahi kuwa shida yangu.

Mwaka wangu wa tatu tulipika sabuni kwa mafuta ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, tuliyopewa na kina mama wa ufuoni. Tulichemsha mafuta na maji ya majivu siku nzima mpaka yakawa mazito kama uji wa mgonjwa. Ilisafisha vizuri sana ile sabuni, sijui kama nimewahi kuona shuka nyeupe vile. Lakini shuka zilipoanikwa, ikifika saa sita paka wote wa mtaa walikuwa wameketi chini ya kamba wametulia kama waumini wanaomngoja pasta. Tangu hapo ile sabuni ikawa ya mapipa ya takataka na sakafu ya gereji.

Kati ya vyote hivyo mimi nilipenda ndimu. Maji yetu ya kisima yanaacha ukoko mweupe kwenye birika na duara la manjano ndani ya choo, na hapo klorini hata umimine ndoo nzima haiondoi kitu. Inaua wadudu tu na kuliacha duara likiwa safi. Ndimu inalila lile duara. Kamulia ndimu, ongeza siki kidogo, acha saa moja, sugua kwa brashi, vuta maji. Ila kulikuwa na sheria moja ya Nyar Sakwa iliyokuja kabla ya sheria zote. Ukiweka chochote ndani ya choo ukaondoka, funga kitambaa kwenye kitasa cha mlango. Mtu mwingine haingii, wala hamimini kitu, mpaka aliyekifunga akifungue. Alisema kitambaa ndicho mdomo wako ukiwa haupo.

Risper alikuja nikiwa nimemaliza mwaka wa kumi. Alitoka Sondu, mrefu, mtaratibu, na alikuwa na kijidaftari mfukoni ambamo aliandika kila chumba, alitumia nini na kiasi gani. Mimi nilikuwa napima kwa jicho kama mtu anayetia chumvi kwenye supu, naye alinicheka sana kwa hilo. Tulikula chakula cha mchana kwenye sahani moja. Okoth alipougua homa ya matumbo na mimi sikupata ruhusa, ni Risper aliyetumia siku zake za mapumziko kukaa naye hospitali. Nataka mlijue hilo kwanza.

Nyar Sakwa alipostaafu, meneja mpya alikuwa achague mkuu wa usafi kati yangu na Risper. Mimi nikaamua kumwonyesha ufundi. Nikaimwagia ndimu sakafu ya terazo pale mapokezi ing'ae, na terazo ikafa mng'ao wake kwa mabaka ya ukubwa wa sahani. Baadhi yake mnayaona mpaka leo. Yale mliyowekea chungu cha maua. Meneja alisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba akiona tena ndimu nje ya jikoni, mwenye ndimu ataenda nayo nyumbani na asirudi. Vyoo vyote vikawa vya klorini, kwa ratiba. Risper alitii. Mimi nilitii pia, mradi meneja akiwa ananitazama.

Basi ikaja wiki ya semina ya walimu. Vyumba vyote vilikuwa vimechukuliwa, na choo cha mwisho ghorofani, kile kisicho na dirisha, kilikuwa na duara la manjano ambalo meneja ameshalilalamikia mara mbili. Asubuhi hiyo nilikuja na ndimu sita ndani ya kibeti. Nikazikamua mle chooni, nikaongeza kikombe cha siki nilichochukua jikoni, nikafunika. Nikatoa kitambaa mfukoni mwa aproni. Nilisimama nacho pale mlangoni. Nikikifunga, kila apitaye atajua kuna kitu ndani, na meneja atauliza ni kitu gani. Nikasema ni saa moja tu, nani atakuja. Nikakirudisha mfukoni, nikaenda kutandika vitanda upande wa pili.

Risper akaja kwa ratiba yake na chupa ya klorini. Ndimu au siki ikikutana na klorini, inatoka hewa inayochoma mapafu. Wakati ule sikuijua kemia yake, lakini sheria ya kitambaa niliijua, nayo ilitosha. Nilisikia kikohozi, kisha ndoo ikianguka. Nilimkuta amepiga magoti kwenye ukumbi, macho yanatiririka, anatafuta hewa na haipati. Nikamburuta hadi kibarazani. Kila alipopata pumzi kidogo alinitazama. Wenzetu walipombeba kumpeleka hospitali, mimi nilirudi chooni nikaziba pua kwa aproni, nikavuta maji.

Risper alilazwa siku nne. Meneja alifungua stoo, akaona klorini na dawa nyingine kali ya kusafishia choo zimewekwa rafu moja, akakata shauri kwamba Risper amezichanganya. Alituita, akauliza kama kuna yeyote anayejua zaidi. Okoth alikuwa kidato cha tatu. Nilifikiria shule yake, nikafikiria nyumba ya kupanga, nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya mpira, vyeusi. Ningeweza kuvichora hata sasa.

Aliporudi, waliondoa jina lake kwenye vyumba wakampeleka nje kwenye kufua, wakisema ni kwa usalama wake na wetu. Nilisema habari za mshahara nitaziruka, na za vyeo pia ningependa kuziruka, lakini kimoja lazima nikiandike kwa sababu hakikuwa changu. Nilifanywa mkuu wa usafi mwezi uliofuata. Risper alivumilia kufua kwa miezi kadhaa, lakini unga wa sabuni na mvuke vilimbana kifua, akaamua kurudi Sondu. Nilimbebea begi mpaka steji ya mabasi. Nikamwambia Mungu akifunga mlango mmoja anafungua mwingine. Ninaona haya kuliandika hilo kuliko mengine yote.

Baada ya hapo nikawa mkuu mkali. Klorini ilipanda rafu ya juu, siki na ndimu zikabaki chini karibu na mlango, na meneja mwenyewe alinipa ruhusa ya ndimu nilipomweleza taratibu zangu. Kila chupa ina karatasi yenye jina la kilichomo na siku kilipotiwa. Choo cha leo ni cha klorini au ni cha ndimu, hakiwi cha vyote viwili. Na kitambaa, kitambaa, kitambaa. Nilimfukuza mtu mmoja kwa kusahau kitambaa, halafu nikamrudisha baada ya siku mbili kwa sababu sikuweza kulala. Watu walinisifu kwa sheria hizi. Pole pole kukazuka msemo pale stoo, sijui nani aliuanzisha: "Usifanye ya Risper." Si mimi niliyeuanzisha. Niliusikia tu, nikaunyamazia, ukakua.

Faith, wewe hukumjua Risper, wala hukuwa na nia mbaya. Kwenye sherehe yangu ya kuagwa ulisimama ukawaambia wale vijana watatu wapya kwamba Mama Okoth ndiye aliyetuokoa na watu kama Risper, dada fulani wa zamani aliyepika sumu chooni akidhani anapika supu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha keki, nikacheka pia. Nilipofika Migosi niliketi kitandani na nguo zangu za sherehe, nikajichukia. Nilikuwa nimemaliza kazi, hakuna meneja wa kunifukuza, Okoth ana watoto wake mwenyewe, na bado nilikuwa nimecheka.

Wiki iliyofuata nilikwenda Sondu. Nilimkuta Risper nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, mbele yake debe lililotobolewa likidondosha maji ya majivu kwenye ndoo. Nywele zimeingia mvi, lakini ni yeye. Anatengeneza sabuni ya vyombo, majirani wanaichukua. Moto huwashiwa na binti ya dada yake, kwa sababu moshi ukimfikia kifua kinafunga. Alinisalimia vizuri, akanipa kigoda. Tukazungumza habari za mvua na za Okoth. Nikayasifu maji yake ya majivu. Akachovya unyoya wa kuku, akautazama, akaongeza maji.

"Mama Okoth," akasema, "umetoka Kisumu yote kuja kuangalia majivu?"

Nikamwambia. Ndimu sita, siki, kitambaa nilichokirudisha mfukoni, maji niliyovuta, viatu nilivyoviangalia. Nilimaliza. Yeye alikuwa bado ameshika unyoya.

"Mbegu ilikuwa inaelea," akasema. "Nilikuwa nimeinama namimina, nikaona mbegu ya ndimu kwa maji. Nikajiuliza, sasa nani amekula ndimu kwa choo. Halafu kikohozi ikaanza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo.

"Okoth alikuwa form three. Na nilijua utakuja kusema mwenyewe. Nikakungoja hospitali. Nikakungoja kwa kufua. Siku ile umenibebea begi, nikasema leo ndio leo. Ukaniambia mambo ya milango."

Nililia. Hakunikumbatia wala hakunizuia. Alienda ndani akaniletea maji, akangoja ninywe. Nilipomwomba msamaha alisema alishanisamehe zamani, kwa sababu kifua hiki na kinyongo haviwezi kukaa pamoja. Nikadhani yameisha. Kisha akauliza kama pale kazini kuna mtu bado anamkumbuka. Ningeweza kusema hapana. Nikamwambia ule msemo, neno kwa neno.

Hapo ndipo nilipomwona ameumia. Kwa habari ya ndimu hakuwa ameshtuka, lakini hili hakulijua. Aligeuka akalitazama debe likidondosha.

"Hata watoto wenye hawanijui?" akauliza.

Nikasema ndiyo, hata hao.

"Basi mimi si mtu wa kuambiwa, nyaminwa, dada yangu. Mimi nilikuwa ndani ya hiyo choo. Enda uambie wao."

Hiyo ndiyo sababu ya daftari hili. Pamoja nalo nimewaletea chupa ya sabuni ya Risper. Ameiandika kwa mkono wake: majivu, mafuta ya nazi, maji, siku aliyoitengeneza, na chini kabisa, isichanganywe na kitu kingine. Ijaribuni kwenye sahani za samaki. Ni bora kuliko yoyote niliyowahi kupika mimi, na haiiti paka.

Sheria za rafu, za karatasi kwenye chupa na za kitambaa ziacheni zilivyo, ni sheria nzuri. Lakini ule msemo ufe leo. Kama ni lazima kuwe na jina la kuwatisha wageni wa kazi, tumieni langu. Nina miaka sitini na naweza kulibeba. Na mtu mpya akiuliza kwa nini tunafunga kitambaa mlangoni, mwambieni kuna siku Mama Okoth alikuwa nacho mfukoni.